Kutoka Lumumba hadi Mlimani: Pius Msekwa na miaka 7 ya uongozi uliobishaniwa

Kila ninapopita Mtaa wa Lumumba nikielekea Kariakoo hupunguza mwendo kidogo, kwa sababu katika mtaa huu ndipo kilipozaliwa chuo kilichonisomesha. Watu wengi wa Dar es Salaam wanapotaja Chuo Kikuu huona kilima, miti mirefu na mabasi yakipanda kutoka Mwenge na Ubungo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, wanafunzi 14 wa sheria walianza masomo yao katika jengo la TANU hapo Lumumba, na kwamba chuo kilihamia Mlimani mwaka 1964. Chama kilikipa chuo nyumba ya kuanzia. Miaka 9 baadaye chama hicho hicho kilikipa chuo kiongozi, na ubishi juu ya kiongozi huyo ndio ninaotaka kuuandika leo, kwa kuwa nimeishi nao ndani ya ukoo wetu tangu nilipoanza kuelewa mazungumzo ya wakubwa.

Baba Mkubwa, ambaye sasa anaishi Sinza na hutembea kwa mkongojo, alikuwa karani wa serikali hapa mjini katika miaka ya 1970. Kwake yeye Pius Msekwa ni mtumishi mwaminifu ambaye wasomi hawakumtendea haki. Mimi niliyesoma Mlimani miaka mingi baadaye, na niliyefundishwa na watu waliokuwa vijana wakati ule, nilikua na picha nyingine kabisa, ya mtu wa chama aliyepandishwa kilimani ili awanyamazishe watu wenye vitabu. Tumebishana kwa muda mrefu, yeye akiniita mwanangu hata pale anapoghadhibika, nami nikianza kila jibu kwa kumwomba radhi. Nimeamua kuandika kwa sababu siku hizi naona kwamba sote wawili tulikuwa tukilizunguka swali lenyewe bila kuligusa.

Msekwa alizaliwa Ukerewe tarehe 9 Juni 1935, akasoma Makerere wakati ambapo Afrika Mashariki nzima ilikuwa ikipeleka vijana wake huko kupata shahada, kisha akarudi Dar es Salaam na kuingia katika utumishi wa Bunge. Mwaka 1962, nchi ikiwa bado changa, alikuwa Katibu wa Bunge, akisimamia taratibu na kumbukumbu za chombo ambacho muda mfupi tu kabla ya hapo kilikuwa mikononi mwa maofisa wa Kiingereza. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, alihamishiwa TANU kuwa Katibu Mtendaji. Kwa hiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzishwa rasmi tarehe 1 Julai 1970, baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kugawanyika na kila nchi kubaki na chake, mtu aliyeteuliwa kuwa Makamu Mkuu wake wa kwanza alikuwa na umri wa miaka 35, mwenye uzoefu mkubwa wa Bunge na wa chama, lakini asiyewahi kuwa profesa wala mhadhiri.

Hapa inafaa nieleze cheo chenyewe, kwa ajili ya wasomaji vijana na kwa ajili ya wale waliosoma katika nchi ambako mkuu wa utendaji huitwa rais wa chuo. Kwetu Mkuu wa Chuo ni cheo cha heshima, na kazi za kila siku za uongozi ziko mikononi mwa Makamu Mkuu wa Chuo. Lakini mwaka 1970 Mkuu wa Chuo alikuwa Mwalimu Nyerere mwenyewe, Rais wa nchi na Rais wa TANU, na ni yeye aliyemteua Makamu wake. Mwanafunzi au mhadhiri aliyekuwa na lalamiko dhidi ya Makamu Mkuu hakuwa na mlango wa juu wa kugonga ambao haukufika kwa yule yule aliyemweka kitini. Jambo hili huonekana dogo likiandikwa kwenye karatasi, ila kwangu ndilo fundo la kisa chote.

Ni kweli kwamba Mwalimu alikuwa na sababu zake. Kabla ya Msekwa chuo kiliongozwa na Cranford Pratt, msomi kutoka Kanada, na baada yake Dakta Wilbert Chagula, Mtanzania na mwanasayansi wa tiba, ambaye alikuwa kwenye kiti wakati wa tukio la tarehe 22 Oktoba 1966. Siku hiyo wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, baadhi yao wakiwa wamebeba mabango yaliyosema kwamba afadhali enzi za mkoloni. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Wazee wa umri wa Baba Mkubwa hawajayasahau mabango yale hata leo. Kwa taifa lililokuwa likitumia kodi ya mkulima wa pamba kumsomesha kijana mmoja kwa miaka mitatu, lilikuwa tusi. Nikijiweka katika nafasi ya kiongozi aliyeyasoma mabango hayo, naelewa kwa nini miaka minne baadaye alitaka Mlimani awepo mtu anayeijua sauti ya chama.

Lakini Mlimani ya mwaka 1970 haikuwa tena ile ya 1966, na hapo ndipo hesabu zilipokosewa. Wanafunzi waliokuwa na sauti kubwa zaidi sasa walitaka ujamaa uende mbali zaidi na haraka zaidi kuliko serikali ilivyokuwa tayari kuupeleka. Walikuwa na umoja wao wa kimapinduzi uliojulikana kwa herufi za USARF, ambao mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa kijana wa Uganda aitwaye Yoweri Museveni; walikuwa na Walter Rodney wa Guyana akifundisha historia; na walikuwa na jarida lao la Cheche, ambalo mwaka huo huo wa 1970 lilichapisha makala ndefu ya Issa Shivji, wakati huo kijana wa sheria, kuhusu matabaka yanayoota ndani ya Tanzania yenyewe. Mwezi Novemba 1970, Msekwa akiwa na miezi michache tu kitini, USARF na Cheche vilipigwa marufuku. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba Umoja wa Vijana wa TANU ulitosha, na kwamba jina la Cheche, lililofanana na la gazeti la wanamapinduzi wa Urusi, lilionyesha kuegemea fikra za kigeni. Wengi wao walihamia kweli katika tawi la Umoja wa Vijana na kuanzisha jarida jingine, Majimaji, jina ambalo hakuna aliyeweza kuliita la kigeni.

Kisha ukaja Mwongozo. Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote jirani hapo, na mwezi uliofuata Halmashauri Kuu ya TANU ikatoa waraka wa kuwatahadharisha Watanzania dhidi ya maadui wa mapinduzi. Ndani ya waraka huo mlikuwa na kifungu cha 15, kilichosema kwamba ni mwiko kwa kiongozi kuwa na majivuno, anasa, dharau na uonevu, na kwamba lazima ijengwe hali ya usawa kati ya viongozi na wanaoongozwa. Sidhani kama walioyaandika maneno hayo walitarajia yangefika mbali kiasi kile. Wafanyakazi wa viwanda vya hapa Dar es Salaam waliyakariri, wakawa wanayasoma mbele ya mameneja wao, na katika miaka iliyofuata migomo mingi ilianza kwa kutajwa kwa kifungu hicho; mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walifikia hatua ya kukichukua kiwanda wakiendeshe wenyewe. Baba Mkubwa hukumbuka kwamba hata katika ofisi yao makarani walikuwa wakiambiana kwa utani kuhusu kifungu cha 15 bosi anapopandisha sauti, naye hulisimulia hilo akitabasamu, ingawa akimaliza hurudi kusema kwamba mambo yalivuka mpaka.

Mlimani, rais wa chama cha wanafunzi, DUSO, alikuwa Symonds Akivaga, raia wa Kenya. Katikati ya mwaka 1971 aliandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu, akilalamikia uendeshaji wa chuo kwa amri, urasimu wake, na kutoshirikishwa kwa wanafunzi katika maamuzi yanayowahusu, na kipimo alichokitumia kilikuwa Mwongozo. Nimeifikiria barua hiyo kwa miaka mingi, na kadiri ninavyoifikiria ndivyo ninavyoona kwamba nguvu yake yote ilikuwa hapo. Miezi minane kabla, Cheche ilizimwa kwa hoja kwamba lugha yake ni ya kigeni. Sasa mwanafunzi alikuwa akizungumza kwa lugha ya TANU yenyewe, akimpima Makamu Mkuu kwa waraka wa chama ambacho huyo Makamu Mkuu alikuwa Katibu Mtendaji wake hadi mwaka uliotangulia. Kama kulikuwa na mtu hata mmoja nchini aliyepaswa kuweza kuijibu barua ile kwa hoja, hoja kwa hoja, kifungu kwa kifungu, ni Pius Msekwa.

Jibu lililokuja halikuwa la hoja. Tarehe 7 Julai 1971 Akivaga alifukuzwa chuoni, askari wenye silaha wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia wakamchukua kutoka Mlimani, na akarudishwa Kenya. Wanafunzi walisusia masomo, wahadhiri wengi wakasimama upande wao, na kwa siku kadhaa kilima kile kilikuwa ni mikutano mitupu. Nimewasikia waliokuwepo wakisema kwamba kilichowaumiza zaidi ni bunduki. Kufukuzwa wangeweza kukujadili katika vikao, lakini kuona silaha kati ya mabweni na madarasa kuliwafanya wahisi kwamba chuo kimeacha kuwa chuo. Baadaye Akivaga aliruhusiwa kurudi akamalizia shahada yake, na miaka iliyofuata akawa mhadhiri wa sayansi ya siasa Nairobi. Kurudishwa kwake ni jambo la heri, na watu hulisahau, lakini halifuti namna alivyoondolewa.

Kuna jambo ambalo sijawahi kulisikia likisemwa vya kutosha. Akivaga aliweza kupandishwa ndege kwa sababu alikuwa mgeni. Mwaka mmoja tu nyuma asingekuwa mgeni kwa namna ile, kwani Dar es Salaam, Nairobi na Makerere zilikuwa chuo kimoja, na Mkenya aliyesoma Mlimani alikuwa katika chuo chake. Kuanzishwa kwa chuo cha taifa, jambo ambalo sisi Watanzania tunalisherehekea kwa haki, kulimpunguzia mwanafunzi yule uraia wake wa kilimani bila yeye kuhama chumba. Wanafunzi wenzake walimchagua kuwaongoza kana kwamba mpaka haupo, na walioamua hatima yake wakaukumbuka mpaka.

Baba Mkubwa husema, mjumbe hauawi. Kwa maoni yake Msekwa alitumwa na Mwalimu, na aliyetumwa na Mwalimu katika miaka ile hakuwa na nafasi ya kutafsiri ujumbe upya. Na tena, huongeza, mnamlaumu yeye kwa sababu mnaogopa kumlaumu aliyemtuma. Maneno hayo ya mwisho yalinichoma siku ya kwanza nilipoyasikia, kwa kuwa yana ukweli. Nimewasikia wasomi wakubwa wakizungumza juu ya mwaka 1971 kwa saa nzima, wakimtaja Makamu Mkuu kila dakika na Mkuu wa Chuo mara moja tu, tena kwa upole. Hata hivyo mfano wa mjumbe naukataa. Mjumbe hubeba maneno ya mwingine na kuondoka. Makamu Mkuu hukaa. Ndiye anayeongoza Seneti, ndiye anayewajua wahadhiri kwa majina, ndiye anayeweza kwenda Ikulu na kusema, Mwalimu, nipe wiki mbili nizungumze nao. Kazi ya cheo kile kati ya serikali na chuo ni kubeba maneno ya pande zote mbili, na mwaka 1971 maneno yalikuwa yakishuka tu kilimani bila kupanda. Na aliyeijenga njia ile hivyo ni aliyemteua mtu wa upande mmoja peke yake, akamweka juu ya watu ambao hawakuulizwa, halafu akabaki kuwa mahakama ya rufaa.

Ninaposema hivi sitaki miaka 7 yote isomwe kama siku moja ya Julai. Hayo yangekuwa makosa, na pengine ndiyo niliyokuwa nikiyafanya kwa muda mrefu. Chuo alichokipokea Msekwa kilikuwa na vitivo vichache, na alikisimamia kikakua. Tiba ilikuwa tayari Muhimbili na kilimo kilikuwa kimeanza Morogoro, na mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi kikafunguliwa kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, ili nchi iache kuagiza kila mhandisi wa barabara na wa umeme kutoka nje. Somo la maendeleo lililokuwa la lazima kwa wanafunzi wote likapata taasisi yake. Na jambo ambalo mimi kama mtu wa Kiswahili siwezi kulipita haraka: mwaka 1970 ilianzishwa Idara ya Kiswahili iliyofundisha shahada kwa Kiswahili chenyewe, wakati ambapo wasomi wengi, wakiwemo baadhi ya wale wenye maneno makali ya kimapinduzi, hawakuamini kwamba isimu na fasihi vingeweza kufundishwa kwa lugha ya sokoni Kariakoo. Vijana waliopita katika idara ile ndio waliokuja kutufundisha sisi, na istilahi ninazozitumia katika makala hii kwa sehemu kubwa zilipitia mikononi mwao.

Msekwa mwenyewe alijiandikisha kuwa mwanafunzi wa chuo alichokiongoza, na mwaka 1974 aliandika tasnifu ya uzamili kuhusu jinsi uhusiano wa Bunge na Halmashauri Kuu ya TANU ulivyobadilika kabla na baada ya mwaka 1965, chama kikipanda na Bunge likishuka. Habari hii hunigusa kila mara. Mtu yule aliyesemwa kuwa adui wa wasomi alikaa na kuchunguza kwa kalamu yake mchakato ule ule uliomfikisha kwenye kiti alichokalia, akiwa na faida ya kuwa ameuona kutoka ndani, kwanza akiwa Bungeni na baadaye akiwa chamani. Sijui kiongozi mwingine wa chuo hapa kwetu aliyefanya hivyo.

Mwaka huo huo wa 1974 lilipitishwa Azimio la Musoma, lililotaka kijana amalize kidato cha sita, aende kazini kwanza, kisha aingie chuo kikuu akiwa na mapendekezo ya mahali pa kazi na ya chama. Makamu Mkuu alilazimika kulitekeleza. Mabweni yakajaa watu wazima wenye wake na watoto vijijini, watu wenye bidii, wengi wao walimu wa shule, na idadi ya wanawake ikashuka mpaka ikabidi wao waruhusiwe kuingia moja kwa moja kutoka shule. Nimekutana na wahitimu wa kipindi hicho wanaokisifu kwa moyo wote, na wengine wanaosema kwamba barua ya tawi la chama ilikuwa kufuli. Kwa upande wangu naona kwamba kumpa katibu wa tawi uwezo wa kuamua nani asome fizikia kulikuwa kosa, hata kama nia ya kumtoa msomi kwenye mnara wake ilikuwa njema.

Msekwa aliondoka Mlimani mwaka 1977 na nafasi yake ikachukuliwa na Ibrahim Kaduma. Haukupita mwaka, Machi 1978, wanafunzi wakaandamana kupinga marupurupu mapya ya viongozi na wabunge, na mamia wakafukuzwa. Kiti kilikuwa na mtu mwingine, na mambo yakaenda vile vile. Msekwa alirudi baadaye kwenye nyumba aliyoianza ujanani, akawa Spika wa Bunge kuanzia mwaka 1994 hadi 2005, akiongoza Bunge la kwanza la vyama vingi baada ya uchaguzi wa 1995, na wapo wapinzani wa wakati huo waliomheshimu kwa ujuzi wake wa kanuni. Chuoni, tangu miaka ya 1980 mwishoni, kiti kimekaliwa na maprofesa: Geoffrey Mmari, Matthew Luhanga aliyekaa miaka 15 na kukifanyia chuo mageuzi makubwa, Rwekaza Mukandala, na tangu mwaka 2017 William Anangisye, aliyeteuliwa na Rais wa nchi wa wakati huo. Sifa za mtu anayekalia kiti zimebadilika sana, na nafurahi. Mkono unaotia saini ya uteuzi haujabadilika.

Jumapili iliyopita nilimpelekea Baba Mkubwa nakala ya Mwongozo, nikamsomea kifungu cha 15 kwa sababu macho yake yamechoka. Alisikiliza akiwa ameegemeza kidevu kwenye mkongojo. Nilipomaliza aliniuliza, "Mwanangu, ungekuwa wewe kwenye kile kiti, ile barua ungeifanyaje?" Nikamjibu kwamba ningewaita wanafunzi na wahadhiri wote Ukumbi wa Nkrumah, nikaisoma barua yenyewe kwa sauti mbele yao, neno kwa neno, kisha nikakubali kuulizwa mpaka usiku.

Alikaa kimya muda mrefu. Mkewe alikuwa ameshaleta chai na mihogo, na hakuna aliyegusa.

"Ungefanya vizuri," alisema. "Na simu ya kutoka Ikulu ingelia kesho yake asubuhi, kuuliza ni nani aliyekupa ruhusa. Hapo ungemwambiaje?"